Mnara wa Mzee Gebeyehu na Kichwa cha Bibi

Jumatano, 4 Tikimti

Sijawahi kumwambia mtu: nikitoka shule, kabla ya kuvua viatu, huchungulia kama Bibi bado anapumua. Leo nimemkuta amejifunga kitambaa kichwani, kafumba macho. Kichwa tena! Mjomba Demissew amepiga simu kutoka Debre Birhan. Kikizidi kumuuma, anakuja kumchukua akaishi kwake. Nitabaki na Baba, ambaye sufuria zetu zinamshinda kwa maneno.

Kosa ni la mnara wa simu ulio kwenye paa la jirani yetu, Mzee Gebeyehu. Nimechunguza. Kichwa humuuma Bibi Jumatano na Ijumaa tu. Bila shaka siku hizo wanaongeza nguvu.

Alhamisi, 5 Tikimti

Mwalimu wa fizikia anasema mawimbi ya minara ni dhaifu, na tafiti hadi sasa hazijaonyesha kwamba yanadhuru wakazi. Nikamuuliza kama walitafiti Jumatano. Darasa zima likacheka. Nilitamani kuingia ndani ya dawati.

Mpango: wazee wa idiri, chama chetu cha mazishi. Wakimtenga Gebeyehu, nani atamzika? Atautoa mnara mwenyewe!

Ijumaa, 6 Tikimti

Nilidanganya shule kwamba tumbo linaniuma. Wazee wakaja saa nane mchana. Nikasoma hotuba yangu nikiutazama ukuta. Nikauliza nani kichwa kinamuuma. Wote! Hata Mzee Gebeyehu akakiri chake kinagonga tangu asubuhi. Ushindi!

Ikafika saa tisa, saa ya kufungua mfungo wetu wa kanisa. Bibi akakaanga buni, akamimina. Kikombe cha pili, vichwa vikatulia, mwenyekiti wa idiri akaanza utani. Cha tatu, Mama Tsigereda, mmoja wa wazee wale, akapiga makofi.

"We Mahlet, mwanangu! Jumatano na Ijumaa hatuonji kahawa mpaka saa tisa. Mnara gani huo unaotulizwa kwa buni?"

Wakacheka mpaka wakakohoa. Bibi hakucheka. Alisema mjukuu wake amesoma vitabu vingi, hawezi kukosea. Yeye akibaki hapa, mnara utamuua.

Jumapili, 8 Tikimti

Mjomba amekuja. Akaniuliza mbele ya watu, "Haya, msomi wetu. Nimchukue au nimwache?"

Bibi alinitazama. Mama Tsigereda naye, kwa kicheko chake kile. Nilitaka kusema huenda ni kahawa. Lakini hotuba yangu ilikuwa ya kurasa nne! Nikasema mnara ni hatari.

Wakaondoka kabla ya chakula cha mchana. Bibi alilia. Mimi nilijifanya nafunga mlango.

Jumanne, 10 Tikimti

Nyumba kimya. Jiko la kahawa halijawashwa tangu Bibi aondoke. Mimi na yeye ndio tuliokuwa tunakunywa. Baba hata harufu yake haipendi.

Tangu jana kichwa kinaniuma vibaya. Na jana haikuwa siku ya mfungo! Wala leo! Kwa hiyo si kahawa. Nilijua!

Nimevuta godoro langu mpaka ukuta ulio mbali na mnara, pale kilipokuwa kitanda cha Bibi. Nimejifunga kitambaa kichwani. Kisha nimeketi kuandika hotuba ya pili.