Lalamiko Dhidi ya Fundi Aliyezicheka Waya Zangu Nyeusi

Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi Umeme wa Magari.

Natumaini u mzima, na taa zako zinawaka unapozihitaji. Mimi ni fundi cherehani, huu mwaka wa thelathini na moja juu ya kiti kilekile. Kwa masikitiko namshitaki kwako mwanachama wako mmoja, yule mrefu anayevaa tepu mkononi kama bangili.

Tunalo lori kuukuu, kiumri ni kaka yangu. Kaka yangu wa kweli aliliendesha akatulea kwalo. Hata cherehani yangu ya kwanza ilitokana na lori hilo. Miaka kumi swichi ya ufunguo ilikuwa imekufa, akawa analiwasha kwa kugusanisha waya mbili, cheche zikiruka. Lakini ufunguo haukumtoka mfukoni. Kisha kiharusi kikampiga, mguu wa kulia ukagoma. Jumatatu akatangaza kwamba mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja Jumamosi. Nililia, Mwenyekiti, mtu mzima mimi na mvi zangu. Nikamwomba: nikiliwezesha kuwaka kwa ufunguo kabla ya siku hiyo, haliuzwi. Akakubali upesi mno, kama mtu anayemjua vizuri mdogo wake.

Basi nikang'oa waya zote nikaanza upya. Nilipomaliza nikamwita mwanachama wako, si kwa kazi, bali aje anipongeze. Yaliyonikuta ni haya:

1. Alifungua dashibodi akacheka. Akauliza upi wa betri, upi wa starta, upi wa taa, mbona zote nyeusi. Nikamweleza kwa upole kuwa nguo nyeusi hushonwa kwa uzi mweusi, na lile lori ndani ni jeusi tupu. Hakuna mteja wangu aliyewahi kutoka dukani na nyuzi za rangi tano. Akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, akacheka upya.

2. Akadai waya zimekazwa mno. Ni kweli nilizipima kwa futi yangu ya kushonea na sikuacha hata inchi moja. Binadamu humwachia upindo kwa sababu hunenepa. Lori litanenepa lini?

3. Kuhusu fyuzi. Kila nilipoweka, iliungua. Baada ya fyuzi ya sita nikachomeka pini ya kushonea, na pini haijaungua hadi leo. Kilichoungua ni waya mmoja, ambao nimeubadilisha, na kona ya kiti. Mwanachama wako aliiita pini ile jina nisiloweza kuliandika mbele ya mtu wa heshima.

4. Nikaamua kumwonyesha kwa vitendo. Nikazungusha ufunguo: honi ikalia, waipa zikacheza. Nikakanyaga breki ili nitafakari. Loo! Starta ikashika, na kwa kuwa gia ilikuwa ndani, lori likaruka mbele likabeba kamba ya nguo ya mke wangu pamoja na sare kumi na mbili za wateja. Mwanachama wako akasema nimepeleka waya wa starta kwenye swichi ya breki. Mimi nasema nimevumbua.

Kwa hiyo naomba afutwe uanachama. Naomba pia chama kiagize magari yote yawashwe kwa breki, maana mwizi hawezi kuliotea hilo hata aroge. Mwisho naomba cheti chenye muhuri, kinifikie kabla ya Jumamosi, kwani kaka huamini mihuri kuliko anavyoniamini mimi.

Utani kando, Mwenyekiti, naogopa. Lori likivutwa nje ya ua huu, mikono iliyoiua kazi ya kaka itakuwa yangu.

Wasalimie wanachama wote na watu wa nyumbani kwako. Mshitakiwa naye msalimie, ila kwa ukali.

Ni mimi, mkweli na mdhulumiwa,
Fundi Cherehani, mkabala na duka la unga.

Nyongeza: Kabla ya kuituma nilimsomea kaka barua hii. Nilipofika kwenye breki alicheka mpaka akashika ubavu, na tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka. Kisha akampigia simu mshitakiwa mwenyewe. Leo asubuhi amekaa kwenye kigoda akimwelekeza waya hadi waya, na kazi yangu yote imeng'olewa ikatupwa. Kaka akaingiza ufunguo kwa mkono wake, lori likawaka. Mnunuzi ameambiwa asije. Tafadhali usimfukuze yule bwana. Kama kuna cheo, mpe. Kaka ametoa sharti moja tu, nisiliguse lori tena, na nimelikubali mbele ya mke wangu. Sasa hivi ananiita nikakae naye kiti cha abiria tuisikilize injini. Ila ameagiza niikalie mikono yangu yote miwili.