Redio ya Eeddo na Kinu cha Halake

Jumatatu, 12 Septemba 1994
Hotelini kwangu wateja wawili, nzi wengi. Madalali wa mifugo wote wako ng'ambo ya barabara kwa Keynan, wanasikiliza habari za Kisomali kwenye kiredio chake cha betri. Lakini nimepata dawa! Shangazi yangu, eeddo Fatumo, alikimbia Kismayu na redio ya Kiitaliano, kubwa kama kreti ya soda. Nimembembeleza hadi kaniazima. Kasema nikiiharibu nahama kwake, narudi Ijara kuchunga mbuzi. Mimi! Mtu wa mjini!

Jumanne, 13 Septemba
Aibu. Redio inanong'ona. Kila jioni jirani yangu Halake huwasha kinu cha kusaga mahindi, na umeme wa mtaa mzima unaishia humo. Keynan kaniuliza, kwa upole wake ule, kama redio inaumwa koo. Mshenzi.

Jumatano, 14 Septemba
Fundi Salah kanionyesha kidude cha kuzungusha nyuma: 110, 125, 160, 220. Eti namba ilingane na umeme uliopo. Umeme ukishuka, shusha namba. Ukipanda, pandisha upesi, la sivyo valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, vitaungua. Nikaweka 160. Wallahi, sauti safi! Mzee Ogle, mkubwa wa madalali, kavuka barabara mwenyewe. Chai iliniishia.

Alhamisi, 15 Septemba
Kama 160 ni tamu hivi, 110 je? Salah anakataza kwa wivu tu. Nikazungusha mpaka mwisho. Redio ikanguruma! Hoteli pomoni! Keynan akafunga dirisha! Mara adhana ya magharibi. Halake, mcha Mungu, akazima kinu akaenda kuswali. Umeme ukarudi wote kwa mpigo. Vichupa vikawaka vyeupe, pa! Moshi. Mzee Ogle katoka akikohoa, na kikombe changu mkononi.

Ijumaa, 16 Septemba
Salah anasema valvu hizo hata Nairobi hazipatikani. Eeddo hakunigombeza. Kaifuta redio kwa ncha ya mtandio, kasema ilikuwa ya marehemu mumewe. Niliona aibu, nikafunga mizigo. Kesho naenda Ijara.

Ila kosa ni la Halake. Nani huzima kinu habari zikinoga?

Na huko Ijara, nasikia, mwalimu mkuu ana jenereta na televisheni kuukuu. Watu wanalalamika picha ni ndogo. Ndogo! Lazima nyuma kuna kidude.