Pua Yenye Cheti

Wananchi wa Morogoro wanatangaziwa, na waliokwisha kusikia wanatangaziwa tena, kwamba dereva anayeshukiwa kulewa hapimwi tena kwa mashine. Ananuswa.

Mimi, Gervas, ni Mnusaji Mkuu wa Kitengo cha Pua ya Umma, na marekebisho hayo ya kanuni niliyaandika kwa mkono wangu. Mashine zilitusumbua. Zilitaka betri, zilitaka ukaguzi, na kubwa zaidi, zilikuwa zinawaachia watu. Unamsimamisha dereva ambaye sura yake tu ni ushahidi, anapuliza, mashine inaandika sifuri, unabaki umeduwaa kando ya barabara kama mtu aliyeibiwa kuku. Pua haina betri. Ili kesi zisichelewe, tukafuta pia kipimo cha damu, cheti cha daktari na mashahidi wa utetezi. Tukaongeza kwamba harufu yoyote itakayokutwa kwenye gari ni ya dereva. Mshtakiwa tulimbakizia haki ya kukana, maana sisi si wakatili.

Kazi ilikwenda vizuri hadi tulipomkamata Alois.

Alois huendesha lori la mboga kutoka Mgeta kwenda Dar. Tulimsimamisha Mikese, ilipo kambi yetu, mchana kweupe, lori limejaa kabichi. Nikamsogelea mpaka pua zetu zikakaribia kugusana, kama mwongozo unavyoagiza. Harufu ikanijia bila kupiga hodi.

"Umekunywa nini, kijana?"

"Shikamoo mzee. Togwa tu."

Akaeleza kwamba kule milimani mwenye kabichi hamwachii dereva mzigo mpaka wanywe togwa pamoja, kwa kata moja ya kibuyu. Dereva akikataa, wanashusha kabichi zote hata kama lori limeshafungwa kamba. Mtu asiyetaka kunywa na wewe, wanasema, ndiye atakayeuza mzigo wako halafu akupigie simu kwamba umeoza.

"Ni uji uliotiwa kimea, mzee. Hata watoto wanakunywa."

Nikamwagiza msaidizi wangu Mikaeli aandike: mtuhumiwa amekiri kunywa, na amewataja watoto.

Adhabu katika kanuni mpya ni leseni kufutwa maisha. Alois alipoisikia alishika mlango wa lori kwa mikono miwili. "Mzee, mimi sina shamba wala duka. Nina hiyo leseni tu. Nikiikosa, wanangu nawalisha nini?" Nilimhurumia kwa dhati, nikamwambia kwamba namhurumia, kisha nikaichukua leseni.

Mahakamani alitetewa na wakili Hidaya, binti wa Kilakala mwenye sauti ya upole, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Kwa kuwa mashahidi wa utetezi tulishawafuta, alichoweza kufanya ni kunihoji mimi tu. Nilipanda kizimbani na cheti changu cha kunusa, nimekitia fremu.

"Shikamoo, mzee Gervas."

"Marahaba."

"Pua yako imewahi kukosea?"

"Haijawahi, na haina mpango huo."

"Basi tuonyeshe. Mnuse Sista Veronika, yule pale. Kabichi zile ni za misheni yao."

Nikamwendea Sista, bibi wa watu aliyekaa na rozari yake, nikanusa. "Amelewa," nilitamka. "Kiasi cha kati." Watu wakaguna. Sista akafanya ishara ya msalaba, nadhani kwa ajili yangu.

"Na mimi je?" aliuliza hakimu. Hakimu wetu ni mama Msabato ambaye hata chai ya rangi haigusi. Nikasogea, nikanusa kwa adabu.

"Mheshimiwa, kwa heshima zote, leo usiendeshe."

Hidaya akanielekeza kwenye kiti kitupu. Nikakinusa pia. Kiti nacho kilikuwa kimelewa. Niliona ajabu kidogo, ila samani za umma siku hizi huwezi kuzitabiri.

"Mzee, kabla ya kazi pua unaiandaaje?"

Swali la kitaalamu hunifurahisha. Nikaeleza kwamba kila asubuhi Mnusaji Mkuu husukutua mdomo kwa kilevi rejea, ili pua ikumbuke inachokitafuta. Fungu la kununua hatuna, kwa hiyo tunatumia gongo iliyokamatwa. Wasaidizi hawapewi, ni stahili ya cheo.

"Ukishasukutua, unatema?"

"Mwongozo unasema niteme. Lakini ile ni mali ya umma, Mheshimiwa, na mimi simwagi mali ya umma."

"Leo umesukutua?"

"Mara mbili, kwa kuiheshimu mahakama."

"Na hapa umefikaje?"

"Kwa gari la kitengo. Nimeendesha mwenyewe."

Nilijibu kwa fahari, nikashangaa kumwona Mikaeli ameshika kichwa.

Hakimu akaamuru ninuswe. Mikaeli akasimama na kukumbusha kwamba mwongozo haumruhusu mdogo kumnusa mkubwa wake.

"Basi ajinuse," alisema hakimu. "Mzee Gervas, ukisema hunuki, pua yako ni mbovu, na wote uliowakamata nawaachia leo hii. Ukisema unanuka, umeendesha ukiwa mlevi. Haya."

Nikakinga kiganja mdomoni, nikapuliza, nikanusa. Kusema kweli niliogopa. Leseni yangu nami naipenda. Lakini mtu ana jina lake, na jina langu ni pua.

"Kalewa," nikatamka. "Kalewa chakari."

Hakimu akasema harufu ilikuwa yangu tangu mwanzo; Alois akarudishiwa leseni yake palepale, na yangu ikabaki mezani kwa hakimu. Nikamkimbilia Hidaya kwenye korido.

"Mwanangu, nitetee."

"Kwa kitu gani, mzee? Damu umeifuta, daktari umemfuta, mashahidi umewafuta. Unayo haki ya kukana."

"Mashine ipo stoo! Betri nanunua mwenyewe."

Akanitazama kwa upole uleule. "Kweli unataka tupulize mashine, mzee?"

Nikaikumbuka mali ya umma niliyoilinda asubuhi ile, mara mbili, na suala la mashine tukaliacha.

Nje, kina mama wa Mgeta waliokuja na mzigo mwingine walikuwa wamekwisha kumnywesha Alois togwa kwa kata yao, na lori lilikuwa na kabichi mpya. Mikaeli alishaondoka na gari la kitengo, akiwa Kaimu Mnusaji Mkuu. Nikamwomba Alois lifti mpaka Mikese. Alinifungulia mlango bila kinyongo, kisha akaufunga tena taratibu.

"Mzee, usinielewe vibaya. Harufu yoyote kwenye gari ni ya dereva. Panda juu kule, ujifunike na kabichi."

Nikapanda. Tulipofika Mikese lori likasimama, nikasikia sauti ya Mikaeli akimsalimia Alois, akamnusa, akaridhika. Halafu akaanza kulizunguka lori huku akivuta hewa kwa nguvu. Nilisikia vidole vya Alois vikigonga usukani, na nilijua anachokiwaza, maana leseni ilikuwa mfukoni mwake haijapata hata joto.

Kwa mara ya kwanza tangu niteuliwe, nikabana pumzi. Mikaeli hakuwa na haraka. Nilimfundisha mwenyewe.