Taarifa ya Utekelezaji wa Barua ya Annika Tveit

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Elimu ya Wilaya ya Kettle Bend, Mheshimiwa Meya na mwenza wako, Bi. Mkuu wa Shule, Mchungaji Ostby, makocha wa mpira wa magongo wa barafuni, walio kazini na wastaafu, wazazi, walezi, wahitimu watarajiwa, na ninyi mliokaa karibu na mlango mkidhani siwaoni: itifaki imezingatiwa! (Makofi ya watu wanne.)

Mimi, Dokta Wendell Haase, Mkurugenzi wa Ushauri wa Vyuo, nasimama katika ukumbi huu wa michezo kwa unyenyekevu mkubwa ambao wengi wamenisifia, ili kuwasilisha taarifa ya Mradi wa Barua za Nyongeza, mradi ulioinua mafanikio ya shule yetu kwa asilimia mia moja, yaani kutoka mwanafunzi sifuri hadi mwanafunzi mmoja. (Mwalimu wa hesabu ashika kichwa.)

Mwanafunzi huyo ni Annika Tveit, binti wa Bwana Tveit anayetuondolea theluji barabarani. Simama, Annika. (Asimama nusu.) Katikati ya Desemba, chuo alichokitamani tangu darasa la sita kilimjibu kwamba hakijamkubali wala hakijamkataa, ombi lake limeahirishwa hadi Machi, na mtoto huyu, ambaye kwao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo, akaja ofisini kwangu macho mekundu, akasema, "Dokta, wanasema naweza kutuma barua moja zaidi ya mapendekezo. Moja tu, ya mtu atakayewaambia jambo wasilolijua. Nimwombe nani?"

Ndugu wananchi, kiongozi mwingine angejibu swali. Mimi niliunda mkakati! (Kicheko.) Nikamwambia, "Binti, barua moja ni ya watu wa kawaida, sisi tutapeleka kumi na nne," kuanzia seneta, jaji mstaafu na mwenye duka la matrekta, hadi daktari wa meno. "Lakini daktari wa meno hanijui," akasema. "Kaniona mara mbili, na mara zote mdomo ulikuwa umejaa pamba." Nikamfafanulia kwamba hilo ni suala la kiutendaji, nikamwelekeza asubiri upembuzi yakinifu, na papo hapo kamati yangu ikaanza mchakato shirikishi wa kuamua ukubwa wa bahasha.

(Sauti ya mama kutoka nyuma: "Ulikuwa Arizona wewe, unaota jua! Umerudi Februari pua imebabuka!")

Asante, Bi. Rosalie Dvorak, mpishi wetu mkuu. Nilikuwa nikiratibu kwa mbali. Na kwa kuwa umeshasimama, waeleze wadau jinsi maelekezo yangu yalivyokufikia.

("Maelekezo gani, baba? Mtoto nimemkuta stoo analia juu ya gunia la viazi. Nikamwambia futa kamasi, barua nitaandika mimi. Ananiambia, 'Bi. Rosalie, wewe si mwalimu.' Nikamwambia, 'Walimu wanakuona saa mbili, umeshachana nywele. Mimi nakuona saa kumi na mbili.'" Kicheko.)

Kama nilivyokuwa nikisema, utekelezaji ukashika kasi. Barua hiyo, ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, na doa la mafuta pembeni, ilieleza kwamba Annika, aliyekuwa akisaidia jikoni kabla ya masomo, aligundua watoto wa basi la kaskazini wanafika wakati kifungua kinywa kimeshaondolewa. Akawahesabu wiki tatu kwenye kipande cha katoni ya maziwa, akaenda peke yake kwa mkuu wa mabasi, akarudishwa mara mbili, akaenda ya tatu, na sasa basi linaondoka dakika kumi na mbili mapema na watoto thelathini na mmoja wanakula. Hakumwambia mtu, hata baba yake. (Bwana Tveit avua kofia, ajipangusa uso nayo.) Machi chuo kikamkubali, na chini ya jibu mtu akaongeza kwa kalamu: "Mwambie mpishi tumemwelewa." (Makofi marefu. Watu wasimama, wamgeukia Bi. Rosalie.)

Asanteni, asanteni, kaeni, mnanitia haya.

(Annika: "Dokta, zile kumi na nne zilitumwa?")

Swali zuri sana, binti, nami nitalijibu kwa kaulimbiu. Nikisema "Barua za Nyongeza," mnaitikia "Maendeleo ya Nyongeza!" Barua za Nyongeza! (Kimya.) (Mwanafunzi mmoja: "Barua moja!" Wenzake wote: "Ya Rosalie!")

Kwa maneno hayo mazito, nawashukuru wajumbe wa kamati yangu, ambao nitawateua mara tu watakapopatikana. Namshukuru seneta, ambaye habari hizi bado hazijamfikia. Na namshukuru kwa dhati fundi aliyepigilia kibao cha Kitengo cha Barua za Nyongeza kwenye mlango wa stoo ya mipira, ambaye nimeombwa nimwambie aking'oe kabla ya saa nane, maana timu ya voliboli imekaa nje haijui iingilie wapi.