Springi ya Gramafoni Mbele ya Wakwe

Leo nimeaibika, tena mbele ya wakwe ambao walikuwa hawajaonyeshwa hata kiti. Acheni niseme mwenyewe kabla shangazi wa bwana harusi hajasema, maana yeye akiitoa habari itafika Kasumbalesa kabla ya jioni.

Yote ni kwa sababu ya gramafoni ya marehemu baba. Baba alikuwa fundi wa reli, akatuachia nyumba hii ya Kampemba hapa Lubumbashi, mama yetu, na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Umeme haiujui. Unazungusha manivela, ule mpini wa ubavuni, springi iliyo ndani inajikaza, ukiiachia inazungusha sahani ya santuri. Mama siku hizi hasikii vizuri, lakini kutawala hajaacha. Aliamua kwamba babuko, yaani wakwe, wakija kumwona mjukuu wake Solange, binti yangu, lazima waingie na muziki wa gramafoni hiyo.

Shida ni kwamba ilikuwa mgonjwa. Ikicheza, ndani inapiga teke. Du. Sindano inaruka, mwimbaji anameza neno. Mwezi uliopita nikaipeleka kwa Mzee Ramazani, fundi wa saa na vyerehani karibu na soko. Akaniambia grisi ya zamani imegeuka gundi: mizunguko ya springi inashikana, halafu inaachana kwa mara moja, ndiyo lile teke. Akaitoa, akaiosha kwa petroli, akaipaka grisi mpya. Siku ya kunirudishia akaniketisha kama mtoto wa katekisimu.

“Mama Solange, unisikie muzuri. Hii resori, springi yako hii, iko na nguvu kama imbwa ya kufunga ku munyororo. Usiikaze mpaka mwisho. Ukisikia inakuwa nzito, acha. Na muziki ikiisha, uiache itembee mpaka ilegee. Usiilalishe na nguvu ndani.”

Halafu akavua kofia. Juu ya nyusi kulikuwa na kovu refu kama zipu.

“Iyi njo ilinifundisha.”

Tangu siku hiyo gramafoni naiogopa. Nikipita karibu nayo, napita ubavu ubavu. (Mimi, mama wa watoto watano, ninayechinja kuku bila kufumba macho.)

Leo karibu saa tano asubuhi nikashika manivela. Wakwe tulikuwa tunawangoja saa sita. Nikazungusha huku nahesabu. Ishirini, sawa. Thelathini, bado laini, grisi mpya hiyo. Mama akasema kutoka kitini kwake, “Kaza, baba yako alikuwa anaikaza.” Nikaongeza. Mara manivela ikawa nzito, mkono ukagoma.

Nikaweka santuri. Nikasubiri izunguke. Haikuzunguka. Nikaisukuma sahani kwa kidole. Haikutikisika.

Nikampigia Mzee Ramazani.

“Nimeikaza mpaka mwisho, na haitembei.”

“Hata kiloko?”

“Hata kidogo.”

Nikasikia anatupa bisibisi mezani. Fundi akiacha chombo ghafla anatisha kuliko daktari.

“Usiiguse tena,” akasema. “Na usisimame mbele yake. Nakuya.”

Simu ikakatika. Mbele ya gramafoni ni wapi? Ni sanduku la pembe nne. Nikalizunguka mara mbili, kila upande niliosimama nikaona ndio mbele.

Mama naye alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale, shingo wazi, anangoja muziki. Hapo nikaogopa kweli. Kichwani nikaiona springi inatoka kama nyoka, inampita kooni. Nikamwambia ahamie chumbani, akakataa. Basi kama mama hatoki, gramafoni itoke.

Nikaibeba. Mikono imenyooka, uso nimeugeuzia ukutani, midomo inasema Salamu Maria bila mimi kuiagiza. Hatua kumi na mbili mpaka katikati ya ua. Nikaiweka juu ya kigoda, nikaifunika na beseni la kufulia, nikaegemeza bati kuukuu pembeni kama ukuta. Halafu nikavaa kaske, kofia ngumu ya pikipiki ya mpangaji wangu, nikajificha nyuma ya pipa la maji.

Solange akatoka, nusu ya kichwa imesukwa.

“Mama, unafanya nini?”

“Rudi ndani. Umuondoshe kambo, bibi yako, ku dirisha.”

“Kambo anakatala. Anasema anangoja muziki.”

Ndipo geti likagongwa. Hodi. Katika mji huu nani anakuja saa nzima kabla ya wakati? Wakwe peke yao.

Wakaingia wanne. Mbele baba mkubwa wa bwana harusi, suti ya kijivu, kofia mkononi. Nyuma yake shangazi, kitenge kipya kinachochakacha kila akipiga hatua. Halafu vijana wawili na kreti ya soda. Wakamkuta mtu mwenye kaske amechuchumaa nyuma ya pipa.

Nikafungua mdomo kusalimu. Upepo wa Agosti ukalisukuma bati. Likaanguka kwenye sementi. Baa.

“Mulale chini!”

Sauti ilikuwa yangu.

Sasa, Lubumbashi mtu mwenye kaske akisema lala, hakuna anayeuliza sababu. Tumeona mengi, risasi zikiwemo. Sekunde moja, wote wanne sementini. Baba mkubwa juu ya kofia yake. Shangazi uso ndani ya mahindi ya kuku. Soda nazo zimelala.

Shangazi, bila kuinua kichwa:

“Ni banani banapiga?”

“Ni… muziki,” nikajibu.

Baba mkubwa akafungua jicho moja. “Muziki gani?”

Nikaeleza kila kitu, kaske bado kichwani. Akainuka polepole, akapangusa magoti, akaenda moja kwa moja kwenye beseni.

“Baba, hapana, itakukata uso.”

Akalifunua. Akaangalia. Akanyoosha kidole kimoja, akasukuma kile kichuma kidogo kilicho kando ya sahani.

“Mama, na freni?”

Sahani ikaanza kuzunguka, laini kama mafuta. Breki. Breki ambayo nimekuwa nikiiachia tangu nina miaka saba. Hofu ilikuwa imeifuta kichwani mwangu.

Akashusha sindano mwenyewe. Muziki ukatoka, bila teke hata moja. Ndani mama akasema, ametulia kabisa, “Ah, bamefika. Solange, ubakaribishe.”

Hapo hapo Mzee Ramazani akaingia mbio, glavu za ngozi mpaka kwenye kiwiko. “Iko wapi ile ya hatari?”

Shangazi, anatoa mahindi shavuni, akanionyesha mimi.

Wamekula, wamekunywa soda zilizobaki, wamesema Solange ni mtoto muzuri na ndoa itakuwa. Kuhusu mama yake hawakusema neno.

Basi jamani, nawaombeni kitu kimoja tu: mkinikuta sokoni, salamu ya kawaida inatosha. Msilale chini.