Bwana Hamoud Azaa Watu Wazima

Basil alikuwa na povu nusu ya uso, kwa kinyozi wa Malindi ya Unguja, alipoisikia riziki yake ikilalama kwenye kiti cha pili.

"Afisa wa Kazi kanijia tena," alisema Bwana Hamoud, mwenye nyumba ya wageni ya ghorofa tatu nyuma ya bandari. "Ati wapishi wapumzike kila wiki. Ati likizo, tena yenye malipo! Mtu hafanyi kazi, nami nimlipe kwa kutofanya? Na saa zake zikizidi, ovataimu! Kanambia akirudi akakuta mambo yale yale, tutaonana mahakamani."

Basil hakuwa wakili. Kwa kweli hakuwa chochote, tangu mwenye nyumba wake alipolitupa godoro lake uchochoroni, naye akalifuata huko huko kulala. Lakini alikuwa na ulimi. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Ya Basil yalimtoa, kisha yakamdai kodi ya pango.

"Shikamoo, Bwana Hamoud," alisema, akijifuta kwa taulo la mwenzake. "Hiyo sheria inamtaja nani?"

"Marahaba. Mwajiri na mwajiriwa."

"Inamtaja baba na mwanawe?"

"La."

"Basi tabu yako nini? Acha kuajiri. Zaa."

Kinyozi alisimamisha wembe hewani.

"Nizae? Kwa umri huu?"

"Zaa watu wazima! Watangaze watumishi wote kuwa ni wanao. Mtoto akimsaidia babake, nani anamhesabia saa? Mwana akachukue likizo kwa babake, aende wapi?"

Hamoud alicheka mpaka kinyozi akamsihi atulie asije akakatwa. Ujira, Basil aliutaja kwa haya za bibi harusi: kile chumba cha juu chenye roshani, akae mpaka atakapochoka mwenyewe. Hamoud, mtu aliyeona uchungu hata kumnunulia mgeni bakuli la urojo, alikubali hapo hapo, maana chumba hakitoki mfukoni.

Jioni watumishi wote waliitwa uani. Basil alisimama ndani ya kanzu ya kuazima, akazungumza juu ya mapenzi, damu na udugu, mpaka yeye mwenyewe machozi yakamlengalenga.

"Wanangu," alihitimisha Hamoud, na neno lilimkwama kidogo kama mwiba wa samaki changu, "kuanzia leo hapa hakuna bosi. Kuna baba."

Sichana, mpishi kutoka Tumbatu ambaye pweza wake wa nazi ndiye aliyevijaza vyumba vyote vile, aliinua mkono.

"Baba kweli, au baba wa mdomoni?"

"Baba kweli!" Basil alidakia.

"Basi isomwe Fatiha."

Sasa, mjini Unguja mtu anaweza kuvunja ahadi, na akaendelea kualikwa harusini. Lakini jambo lililosomewa Fatiha mbele ya watu, ukilivunja, jiandae kutafuta msikiti wa mtaa wa mbali. Basil alimkonyeza Hamoud akatae. Hamoud yeye alishainua mikono.

Asubuhi Basil aliamka kwenye kitanda chenye chandarua, akajinyoosha kama paka wa balozi, akanusa. Hakuna harufu ya chapati. Alishuka mbio, akamkuta Sichana amekaa mezani pamoja na wageni, miguu juu ya stuli.

"Sichana!" Hamoud alikuwa anapiga kelele. "Wageni wanataka chai!"

"Shikamoo, baba. Hata mie nnaitaka. Nani kapika?"

"Si wewe mpishi?"

"Mpishi ni mwajiriwa. Mie mwanao. Leo nna uvivu, baba. Ulinilea vibaya."

"Na Jaku mfagiaji yuko wapi?"

"Kachukua vespa yako, kenda Fumba kutazama mchumba. Kasema mahari utatoa wewe."

"Mahari ya Jaku nitoe mimi kwa lipi?"

"Kwa ubaba."

Kabla Hamoud hajapata pumzi, mlango ulijaa mwanamke mnene mwenye buibui na sanduku la bati.

"Hodi! Mie Mwamvua, mamake Sichana. Nasikia mwanangu kapata baba, na Fatiha imesomwa. Nikasema, haya, niende nikamtazame mume wangu." Alimkagua Hamoud kutoka kofia hadi makubazi. "Nshaona wabaya zaidi. Chumba chetu kipi?"

Hamoud alitafuta ukuta wa kuegemea.

"Yote haya yanatengenezeka," Basil alimnong'oneza, "kwa nyongeza ndogo tu ya..."

"Funga bakuli lako! Sichana, mwanangu, wataka nini?"

"Unitoe utotoni, uniajiri. Nipate siku yangu ya mapumziko na likizo yangu, na saa zikizidi, zilipwe. Na wenzangu vile vile. Ile Fatiha ya jana tutaifunga kwa nyingine. Shahidi nshamwita."

Shahidi aliingia akifuta miwani: Afisa wa Kazi mwenyewe. Hamoud alikubali kila kitu kabla hajaulizwa. Bi Mwamvua alisikitika, lakini akasema chai atakunywa.

Ndipo Hamoud alipomgeukia Basil. "Wewe, lete ufunguo. Toka!"

Basil aliuona uchochoro. Aliliona godoro. Akarukia tawi la mwisho lililobaki.

"Hunitoi! Nami nimefanya kazi hapa, na ujira wangu ni chumba. Bibi Afisa, mfanyakazi hutolewa hivi hivi, bila notisi?"

"Hatolewi," alisema afisa. "Kazi yako ipi?"

Basil aliufumbata ufunguo. Amwambie Afisa wa Kazi kwamba kazi yake ni kuwafundisha matajiri kuikimbia sheria ya kazi?

"Muosha masufuria," alisema Sichana kwa upole.

"Naam," alisema Hamoud, rangi ikimrudia usoni. "Muosha masufuria. Na wa cheo hicho hulala stoo, nyuma ya magunia ya mkaa."

Afisa alimtazama Basil juu ya miwani. "Ndivyo?"

Kupitia mlango wa jikoni yalionekana masufuria ya jana, meusi, yamepandana mpaka dirishani.

"Naam," alisema Basil, kwa sauti ya mtu anayekiri deni la mwenzake.

Afisa alipoondoka, muosha masufuria mpya alikunja mikono ya kanzu ya kuazima, akasimama mbele ya karo.

"Dada Sichana," aliuliza, "likizo yangu inaanza lini?"

Sichana alimsogezea sufuria la pweza, lile kubwa.

"Kwanza ianze kazi."