Mkwe wa Ng'ambo

Jumatano, 11 Juni 2025. Kasulu.

Chai imenipalia! Binti yangu Dorcas anataka kuolewa na Irakoze, fundi seremala, mtoto wa mzee Harerimana. Wale waliokuja wakimbizi kutoka Burundi! Mke wangu anasema ni raia siku nyingi, na hata kitanda tunacholalia katengeneza yeye. Kitanda ni kitanda. Damu ni damu.

Nikamuuliza Dorcas kama anajua watu wale walivyo. Akauliza wakoje. Nikasema wako hivyo hivyo walivyo. Posa inaletwa Jumamosi. Kaapa kwamba nikiwafukuza, ataondoka nyumbani na sitamwona tena. Basi siwafukuzi. Wataondoka wenyewe!

Ijumaa, 13 Juni

Mpango tayari. Kabla ya posa kupokelewa, kila upande utaje ukoo wake, babu kwa babu, hadharani. Mkimbizi atatoa wapi babu? Watakwama, wataona haya, wataaga. Kwa upande wetu nimemwita mama yangu, Esteri, kutoka Munanila. Muha halisi, mwenyeji wa hapa. Nimealika na majirani, na mchungaji. Aibu bila mashahidi haina faida.

Jumamosi, 14 Juni

Mungu wangu!

Harerimana alinisalimia Kiha hasa. Akainama, akapiga makofi taratibu, akauliza hali ya watoto, mbuzi, migomba, hadi mchungaji akaanza kusinzia. Mimi nikaitikia "poa". Sijui ilitoka wapi.

Ukoo sasa. Akataja baba, babu, baba wa babu, akaendelea tu mpaka chai ya pili ikaletwa. Zamu yangu. Baba. Babu Nsengimana. Mwisho. Nikamgeukia mama.

Mama akacheka! Akasema Nsengimana alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, mkungu wa ndizi kichwani, akawa kibarua wa kahawa Munanila. Wenyeji wakamsimanga. Walipokuja wengine nyuma yake, yeye ndiye wa kwanza kuwaita wezi, ili watu wasahau kumuuliza alikotoka. Baba akayaokota maneno hayo, akanirithisha. Mama anasema hakuna aliyewahi kuibiwa hata jembe.

Majirani wote walisikia. Niliwaalika mwenyewe! Dorcas hakucheka. Aliniangalia tu, machozi yanamlengalenga. Moyo uliniuma kweli. Nikapokea posa.

Jumatatu, 16 Juni

Dorcas anaongea na mimi tena. Nimebadilika, nasema wazi. Ubaguzi ni ujinga mtupu. Nimekwenda kwa Harerimana, nikapiga makofi (vibaya), nikamwita ndugu. Nikamwambia sisi tuliotoka ng'ambo tumesemwa vya kutosha, sasa tushikamane. Hasa kwa kuwa binti yangu wa pili kila jioni yuko kwenye simu na kijana wa Kibondo, wilaya ya jirani.

Watu wa Kibondo!

Harerimana akauliza wana nini. Nikasema wako hivyo hivyo walivyo. Mtu mzima vile, hajui!